Kubandua wolpepa ya zamani kabla ya kupaka rangi: naanzia wapi? (Mbeya)

#1 DadaWaForest
Wakuu, habari za baridi. Naomba msaada wa kweli.

Nimehamia nyumba ya tofali za kuchoma hapa Forest, Mbeya. Mwenye nyumba wa mwanzo alibandika wolpepa chumba cha nyuma na ni ya siku nyingi. Maua yake ya zambarau yamegeuka rangi ya chai, pembe zimejikunja, na karibu na sakafu imetuna kama andazi. Chumba ni mita 4 kwa 3.5. Mama yangu anakuja kutoka Tukuyu mwisho wa Agosti kukaa nasi. Ana pumu, na chumba hicho ndicho chake, kwa hiyo nataka kipakwe na kikauke kabisa kabla hajafika.

Fundi wa kwanza kaniambia nipake rangi juu ya hiyohiyo wolpepa. Wa pili kasema lazima lipu yote ichimbwe ipigwe upya, laki sita. Nimsikilize nani?

#2 Mnyalukolo_Kihesa
Paka juu yake. Mimi nilipaka hapa Kihesa, Iringa, mwaka 2021, mpaka leo ukuta upo na wageni wanausifia. Laki sita peleka kwenye mbolea.

#3 FundiRola
Dada, usimsikilize huyo wa #2, kwa heshima zote.

Napaka rangi huku Mwanjelwa, Iyunga mpaka Mbalizi, mwaka wa kumi na tano huu. Rangi ya maji ikikaa juu ya wolpepa inapeleka maji kwenye gundi iliyo chini. Gundi ikishalowa inaachia, karatasi inavuta pumzi, unaona mapovu siku hiyohiyo au wiki ijayo. Halafu kila kiungo cha karatasi kinaonekana kama mshono wa gunia. Ukija kubandua baadaye kazi inakuwa mara mbili, kwa sababu maji hayapenyi tena ile rangi.

Na huyo wa laki sita naye kakimbilia mbali. Lipu haichimbwi kabla haijaonekana. Bandua kwanza, kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu ndipo lipu imeachia tofali, hapo ndipo pa kuchimba. Pengine ni mita moja tu ya mraba.

Kubandua kwenyewe: toa vitu vyote, tandika nailoni sakafuni, zima umeme kwenye swichi kuu maana maji yataingia kwenye soketi. Chana karatasi kwa ncha ya kisu, mistari myepesi, usifike kwenye lipu. Maji ya moto yenye tone la sabuni, sponji au rola, lowesha kipande cha upana wa mikono yako miwili. Subiri dakika 10 mpaka 15. Lowesha tena. Ndipo uingize skrepa ikiwa imelala, usiisimamishe. Watu wanaharibu kuta kwa haraka ya hizo dakika kumi.

#4 MamaPacha_Uyole
Fundi, nilifanya hivyohivyo uliyosema na sikupata kitu. Maji yalitiririka mpaka sebuleni na karatasi haikutikisika. Baadaye jirani akaniambia ile yangu si ya gundi ya kupaka, ni ya stika, ile ya plastiki unayochuna karatasi ya nyuma na kubandika. Nikachukua drayer ya nywele, nikapasha pembe taratibu, ikaja ndefu kama ganda la ndizi. Kilichobaki ukutani ni ute unaonata.

#5 FundiRola
Kweli mama, hapo nilirukia. Niongeze.

Ziko aina zaidi ya moja. Karatasi tupu inakunywa maji yenyewe. Yenye uso wa plastiki na mgongo wa karatasi, mara nyingi unavuta ule uso ukiwa mkavu unatoka, kisha mgongo unaulowesha. Stika ni plastiki yote na gundi yake haiogopi maji, hiyo ni joto. Na siku hizi kuna zile za sponji zenye sura ya tofali, hizo ni stika pia, zikitoka zinaacha nyama yake ukutani na mara nyingi zinang'oa na skimu, lile tabaka laini la juu ya lipu.

Dada, chukua kitambaa chenye maji, bana pembe moja kwa dakika tano. Ikibadilika rangi na kulainika ni karatasi. Maji yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba ni plastiki.

#6 DadaWaForest
Ndaga fijo, asante sana fundi. Nimejaribu sasa hivi. Imelainika. Na kwenye ile pembe nimeona chini yake kuna karatasi nyingine, nyembamba, ya kahawia, ina maandishi.

#7 MzeeWaIpogolo
Kamwene.

Binti, hayo maandishi ni gazeti. Kizazi chenu hamkuyakuta. Miaka ya sabini na themanini huku kwetu wolpepa ilikuwa gazeti. Ukuta wa udongo au wa tofali usio na lipu nzuri unapitisha upepo, vumbi linadondokea kitandani. Basi mama anakoroga uji mzito wa unga wa ngano, kama hakuna anatumia wa muhogo, anapaka na kubandika Uhuru na Mzalendo kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi. Kila mwaka kabla ya Krismasi anaongeza tabaka juu. Chumba kinapata joto na kinakuwa kisafi.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye ukuta huo. Nililala upande wa habari za mpira, kaka yangu upande wa bei za mazao, na mpaka leo kaka anajua bei ya pareto ya zamani kuliko mtu yeyote ukoo mzima. Kipande kimoja kilikuwa kimebandikwa kichwa chini, nikawa nakisoma nikining'iniza shingo nje ya kitanda.

Ubaya wake ni uji. Mende na panya wanaupenda. Usiku unawasikia wanakwangua ndani ya ukuta.

#8 KijanaWaSae
Shikamoo mzee. Hii ya kaka na pareto imenigusa.

Kwa wenye ule ute wa stika, petroli inautoa dakika moja. Nimeona kwa macho.

#9 MamaPacha_Uyole
Petroli ndani ya chumba? Huku tunakaa na jiko la mkaa mlangoni sababu ya baridi? Mwanangu, usimwambie mtu kitu hicho. Mvuke wa petroli unatambaa chini sakafuni na kufuata moto ulipo.

Mimi niliutoa kwa mafuta ya kupikia, nikapaka, nikaacha nusu saa, nikafuta kwa kitambaa, kisha maji ya moto na sabuni mara mbili.

#10 FundiRola
Naunga mkono kuhusu petroli. Mafuta ya kupikia yanalainisha kweli, ila yakibaki hata kidogo rangi ya maji itakataa hapo. Itajikusanya kama maji kwenye sufuria iliyopakwa samli. Ni afadhali tapentaini kidogo kwenye kitambaa, madirisha wazi, hakuna moto wala sigara, na ukuta uoshwe baadaye. Mafuta ya taa usiyaguse, yanaingia kwenye lipu na doa lake linarudi juu ya rangi.

#11 Mtafiti_wa_Mambo
Hivi mnajua wolpepa ni sumu? Ina aseniki. Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa, aliuawa na wolpepa ya chumbani kwake. Dada mtoe mama yako kabisa kwenye hiyo nyumba.

#12 Mwl_Kemia_Njombe
Tuweke sawa, kuna mtu ana mgonjwa wa pumu hapa na asitishwe bure.

Aseniki ilikuwa kwenye rangi fulani ya kijani iliyotengenezwa na mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775. Karne ya 19 Ulaya waliipaka kwenye karatasi za ukutani, na nyumba zenye unyevu zilileta ugonjwa kwa sababu ukungu ukila ile karatasi unatoa gesi ya aseniki. Kipande cha karatasi kinachosemwa kilitoka kwenye nyumba ya Napoleon kisiwani St Helena kilipimwa miaka mingi baadaye, kikakutwa nayo. Lakini kuwa nayo ukutani si kuuawa nayo. Waliopasua maiti yake mwaka 1821 waliandika juu ya tumbo lenye kidonda kibaya, na mpaka leo wengi wanasema ni saratani.

Wolpepa ya maua ya zambarau iliyobandikwa Mbeya enzi zetu haina habari hiyo. Sumu ya kuogopa hapo ni ukungu wenyewe. Na kama chini ya karatasi kuna rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu, rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Lowesha kwanza, uvae barakoa, na watoto wasiwepo.

#13 Mtafiti_wa_Mambo
Asante mwalimu. Nilisoma nusu.

#14 DadaWaForest
Nimeanza leo Jumamosi. Ukuta mmoja umekwisha, mwingine nusu. Maji ya moto na subira vimefanya kazi kama fundi alivyosema. Gazeti lilitoka kama ugali uliolowa, mstari mmoja tu nimeweza kuusoma, tangazo la mbegu za mahindi.

Lakini kuna jambo. Pale chini palipotuna, nyuma ya karatasi kuna weusi wa ukungu mpaka usawa wa goti, na lipu ina unga mweupe kama magadi. Na pembeni juu, karibu na dari, kuna weusi mwingine wa vitone. Nimefungua dirisha nikatoka nje kwanza, harufu ilinikaba. Kuna mtu ameniambia nichanganye jiki na siki nipulizie kwa bomba la dawa za shamba.

#15 Mwl_Kemia_Njombe
USICHANGANYE. Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, nayo inaumiza mapafu ya mzima, sembuse mwenye pumu. Chagua kimoja. Na lile bomba la shamba liache kabisa, huwezi kujua mabaki gani yamo ndani.

Lowesha ukungu usiruke, futa kwa kitambaa chenye sabuni, kisha jiki iliyozimuliwa kwa maji, uiache kidogo, ufute, dirisha wazi. Kile kitambaa kitupe.

#16 MjenziTukuyu
Huo unga kama magadi ndio jibu lote. Ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali za kuchoma, yanafika juu ya sakafu, yanakauka na kuacha chumvi. Nyumba nyingi za zamani huku hazikuwekewa nailoni kwenye msingi kabla ya kuanza kupanga tofali. Kwetu Tukuyu mvua haina likizo, nimeona kuta zimenyonya mpaka usawa wa meza.

Wolpepa ndiyo iliyoficha. Dada, ukipaka rangi hapo bila kushughulikia msingi, mwakani tutaonana tena kwenye uzi huu. Chimba mfereji nje ya ukuta, ondoa udongo uliopanda juu ya usawa wa sakafu, elekeza maji ya paa mbali. Lipu ya chini mita moja itoe.

#17 MwanaMakete
Mjenzi, na ule weusi wa juu karibu na dari? Maji ya ardhini yameruka mita mbili?

Hiyo ni pumzi. Mnalala wawili watatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, jiko la mkaa linachemsha chai mlangoni. Mvuke wote unakwenda kwenye ukuta wa nje ambao umepoa usiku kucha, unageuka maji. Ukiweka kabati mbele yake ndiyo kabisa, hewa haipiti.

Na naomba nyie wa Mbeya mkisema baridi mpunguze sauti. Njooni Kitulo mwezi huu muone nyasi zilivyo nyeupe asubuhi.

#18 KijanaWaSae
Wa Makete mmeanza 😂 Mkishuka Mbeya mnavaa kaptula.

#19 MamaPacha_Uyole
Mwana Makete kasema kweli kuhusu jiko. Na niongeze, jiko la mkaa lisilale ndani na watu, kwa unyevu wala kwa usalama. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Kila Julai tunasikia.

#20 BatiNaKenchi
Mmesahau paa. Weusi wa juu pembeni mara tisa kwa kumi ni msumari wa bati ulioachia au mtaro uliojaa majani. Panda darini na tochi kabla hujabishana na ardhi.

#21 MwanaMakete
Huu ni Julai. Mbeya haijaona mvua ya maana tangu Mei. Bati livuje nini?

#22 BatiNaKenchi
Livuje la Machi. Ukuta uliofunikwa na plastiki unatunza maji ya masika miezi. Nyumba yangu ya Ilomba ilitoa doa Agosti kwa mvua iliyokatika Aprili.

#23 MjenziTukuyu
Wolpepa yake si plastiki. Soma #6.

#24 BatiNaKenchi
Nimesoma. Matabaka mawili ya karatasi na uji katikati si haba. Apande darini.

#25 Mnyalukolo_Kihesa
Wadau, narudi kwa #2 yangu.

Baada ya kusoma uzi huu nilisogeza kabati la nguo leo mchana. Nyuma yake ule ukuta niliopaka juu ya wolpepa umetuna kutoka sakafuni mpaka kiunoni. Nimebonyeza, kidole kimeingia. Ndani kuna ukungu mweusi, na mwanangu wa mwisho anakohoa tangu Mei, tumeshakwenda kituo cha afya mara mbili. Sijui kama ni huo ukungu. Lakini kitanda chake kiko upande huo.

Dada, futa ushauri wangu. Kesho naanza kubandua. Fundi, rangi ikiwa juu ya wolpepa naingiaje?

#26 FundiRola
Pole sana ndugu yangu. Mhamishe mtoto chumba leo usiku, usisubiri kesho.

Kwako michano iwe mingi zaidi, sentimita tano kwa tano, ili maji yapite kwenye rangi. Kama una pasi ya mvuke ishike sentimita chache kutoka ukutani, mvuke unapenya kuliko maji ya kumwaga. Kama chini ni skimu ya jipsamu usiloweshe kupita kiasi, jipsamu ikilowa sana inakuwa jibini. Lipu ya saruji inavumilia.

#27 Mwl_Kemia_Njombe
Kuhusu unyevu, kuna kipimo cha bure kuliko kubishana. Dada, kata nailoni angavu nusu mita kwa nusu mita. Bandika kwa tepu pande zote nne, moja chini palipotuna, moja pale juu. Acha siku mbili. Majimaji yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa chumbani. Ukuta ukiwa mbichi tepu haishiki, ukaushe kwanza, maana maji ya kubandulia nayo yatadanganya kipimo. Mpe wiki.

#28 DadaWaForest
Sawa mwalimu. Nitarudi.

#29 KijanaWaSae
Wakati tunasubiri, mzee wa Ipogolo, ile bei ya pareto kaka anaikumbuka ngapi?

#30 MzeeWaIpogolo
Nitamuuliza Jumapili tukikutana kanisani. Ila binti, kama kuna kipande cha gazeti kinachosomeka, kikaushe katikati ya kitabu. Nyumba yetu ilibomolewa na sikubaki hata na herufi moja.

#31 DadaWaForest
Nimerudi. Siku kumi na moja zimepita.

Kuta zote nne ziko wazi. Niligonga kama fundi alivyosema, palipolia debe ni ukanda wa chini wa ukuta wa nje, urefu wa mita mbili hivi. Hapo nimechimbua, kwingine lipu ni nzima. Mabaki ya uji niliyaosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka ukuta ukaacha kuteleza mkononi.

Nailoni ya chini: maji nyuma, upande wa ukuta. Nailoni ya juu: matone mbele, upande wa chumba, na nyuma pakavu. Na kijana wangu kapanda darini, kakuta msumari mmoja wa bati hauna mpira, na ubao chini yake una doa la zamani, kavu.

#32 MjenziTukuyu
Si nilisema? Msingi.

#33 MwanaMakete
Si nilisema? Pumzi.

#34 BatiNaKenchi
Na msumari umeuona.

#35 FundiRola
Dada hongera, umefanya kazi ambayo mafundi wengi tunairuka.

Sasa usikimbie. Mfereji wa nje kwanza. Ile lipu mpya ya chini ipe wiki nne kabla ya rangi, saruji mbichi inaunguza rangi. Ina maana mama akifika chumba hakitakuwa tayari chote, mlaze kwingine, ni bora kuliko kumlaza kwenye ubichi. Kuta nyingine piga skimu nyembamba kwenye makovu, msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), kisha rangi mikono miwili, yaani mara mbili. Hesabu yangu kwa chumba chako, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita 37 za mraba. Lita moja inafunika karibu mita 10, kwa hiyo galoni mbili za lita 4 zinatosha mikono miwili.

Usipake asubuhi ya baridi. Soma kopo, nyingi zinakataza chini ya nyuzi 5 au 10, na Forest saa moja asubuhi mwezi huu huwa pako humo. Anza saa nne, acha saa tisa, ili ikauke kabla ya jua kuzama. Ule ukuta wa nje usiupake rangi ya mafuta, utafungia maji ndani.

#36 MjenziTukuyu
Wiki nne kwa ukuta ule ni chache. Chumvi itaendelea kutoka mpaka masika yapite. Ningeuacha mtupu mpaka Mei.

#37 FundiRola
Mei mama wa watu alale anaangalia saruji? Apake ya maji nyepesi, chumvi ikitoka ataipiga brashi kavu na kurudia.

#38 DadaWaForest
Mama nimempigia, atalala chumba cha watoto, nao wamefurahi. Ukuta wa nje sijaamua, nawasikiliza bado. Kitanda chake nitakiweka upande wa ndani, kabati nitaliachia nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, na jiko limeshatoka barazani.

Mzee wa Ipogolo, nyuma ya fremu ya mlango gazeti lilikuwa limeshika kavu. Nimetoa kipande cha ukubwa wa kiganja, ni matokeo ya mpira, majina ya timu yanasomeka. Kimo ndani ya Biblia. Nikipita Ipogolo kwenda Dar nitakuletea.

#39 MzeeWaIpogolo
Nitakuwa hapo stendi, binti. Pareto kaka amekataa kunitajia, anasema mpaka nimpelekee chai.

#40 Mnyalukolo_Kihesa
Wolpepa yangu imetoka yote jana usiku. Kuna mtu ana nailoni angavu iliyobaki?